Firigisi ya Jogoo wa Salmini

Haya, sogeeni. Mwenye pepeo apepee, asiye nalo ajipepee kwa kiganja, maana hadithi yenyewe ni ya joto. Na mtu asisinzie. Ukisinzia usije ukaniuliza mwisho ilikuwaje, kwa sababu mwishoni nitakayekuuliza ni mimi.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Wa kwanza, Kibwana, alipewa masikio. Mengine, tusidanganyane, hakupewa. Alikuwa mvivu wa kutupwa: kutwa yuko barazani juu ya mkeka, asubuhi kiuno kinamuuma, mchana kinamuuma, wali ukiiva kimepona. Lakini akiwa amelala hivyo hivyo, macho kayafumba, angekwambia nani anapita njiani kwa mlio wa kandambili tu, na kama mtu huyo ametoka kugombana na mkewe.

Wa pili, Sihaba, alipewa ulimi. Huyu aliuza juisi ya ukwaju Kariakoo. Watu walisema ukipita mbele ya meza ya Sihaba na umefunga, utajikuta unauliza bei.

Wa tatu, Fundi Mihayo, alipewa mikono. Mnyamwezi mkimya, mwashi. Ukuta akiusimamisha yeye, masika yanakuja, yanapiga, yanaondoka, ukuta umebaki pale pale. Maneno hakuwa nayo mengi, na hata hayo machache aliyatoa kwa shida.

Katikati ya hao watatu alikuwepo Bi Mwamvita, na hadithi ni yake. Alikuwa mjane wa marehemu Salmini, akikaa Chanika, kule ambako Dar es Salaam inaishia na mihogo inaanzia. Kibwana alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Fundi Mihayo alikuwa jirani yake, ua kwa ua. Sihaba alikuwa shoga yake wa mjini, kwa sababu Bi Mwamvita alishona mapazia kwenye karakana iliyo jirani na meza ya juisi. Kila siku alfajiri alitoka Chanika kwenda Kariakoo, na kila jioni alirudi. Mjini alichomwa na joto la zege na mabati, nyumbani akapokewa na joto la vumbi. Wa mjini walimwonea wivu: "Nyinyi Chanika mna upepo!" Wa Chanika nao wakamwonea wivu: "Nyinyi mjini mna barafu!" Yeye aliyeonja kote kuwili alicheka tu.

Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la kuku wa nyama, na kuku wale ndio waliomtia matatani.

Ilianza siku ya posa ya binti yake, Zawena. Wakwe walikuja na magari kutoka mjini, wakiongozwa na mama yake bwana harusi, Bi Shemsa, mwanamke ambaye manukato yake yalitangulia kufika. Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka likafika suala la karamu. Bi Shemsa akajipangusa jasho kwa leso, akasema, "Chakula tutapika sisi mjini, wala msihangaike. Huku porini mtawalisha nini watu wote hao?"

Porini! Neno hilo lilimwingia Bi Mwamvita mpaka kwenye mfupa. Hata hivyo angenyamaza, maana mkwe ni mkwe. Lakini Sihaba alikuwa amekaa nyuma yake, akamfinya mgongoni. "Mjibu, shoga! Unanyamaza una nini? Waambie una kuku banda zima!" Na ulimi wa Sihaba nimeshawaambia ulivyo. Bi Mwamvita akasimama.

"Harusi italiwa hapa," akasema, "na kila mgeni atakula kuku wa banda langu. Nikishindwa, karamu iwe kwenu, binti yangu atolewe kwenye mlango wenu, na mimi nije nikae viti vya wageni."

"Haya," Bi Shemsa akatabasamu. "Tumesikia sote."

Sasa mlango wa Bi Mwamvita msiuchukulie juu juu. Salmini aliuchonga mwenyewe, na siku alipoutia kwenye fremu Zawena alikuwa anatambaa. Akampitisha kwa mzaha chini ya mikono yake, akasema, "Bibi harusi wangu atatokea hapa." Zaidi ya hayo, nyumba ile ilikuwa na desturi yake iliyotoka kwa mababu. Binti anapoolewa huchinjwa jogoo wa nyumbani, na firigisi yake hupewa mtu mmoja tu. Atakayeila ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumvusha kizingiti. Uwalii, yaani kumwozesha binti, ni mambo ya dini, na huo una mwenyewe. Firigisi ni mambo ya nyumba. Aghalabu huila baba. Na haigawanywi, kwani walisema firigisi ikigawanywa ndoa nayo hugawanyika. Salmini alikuwa amefariki. Jogoo wake alikuwa hai bado, mzee, mbabe, anafukuza hata mbwa wa watu, na firigisi yake haikuwa na mwenyewe.

Basi wiki ya harusi likaja joto. Jamani, joto! Mjini lami ilinata kwenye viatu, na watu walisimama kwenye kivuli cha nguzo ya umeme kwa foleni. Chanika mbuzi waliacha majani wakaenda kulala mtaroni. Siku mbili kabla ya harusi, Bi Mwamvita akaenda Kariakoo mara moja tu, kuchukua gauni la binti yake alilolishonea kule karakana. Alikuwa anakunja gauni, simu ikalia. Kibwana.

"Shemeji, kuku wamenyamaza."

"Alhamdulillahi. Si kila siku unalia wanakukosesha usingizi?"

"Shemeji, nisikilize. Banda zima halinyamazi kwa pamoja mchana kweupe. Nasikia pumzi tu, haraka haraka. Nimeingia nimewakuta midomo wazi, mbawa wameziachia. Umeme umekatika, feni zimesimama, na tangini hakuna hata tone. Jogoo mwenyewe hajawika tangu asubuhi."

Bi Mwamvita akakaa chini, hapo hapo sakafuni, na gauni jeupe mapajani. Alijua kilichotokea. Lile banda lilikuwa limezibwa kote. Upande mmoja Kibwana alikuwa amefunga turubai zito, eti kupunguza kelele za kuku alale. Upande wa pili, ule unakotoka upepo wa kaskazi, palikuwa na ukuta wa Fundi Mihayo. Miezi michache nyuma Mihayo alikuja kulalamika kwa adabu kwamba harufu ya kuku inamfuata mpaka kwenye sahani. Bi Mwamvita akamjibu kwa jeuri: "Ukitaka kunusa maua, hamia Masaki." Mihayo hakujibu. Alijenga. Tangu siku hiyo Bi Mwamvita Mzaramo na Mihayo Mnyamwezi, watani wa jadi, hawakutaniana tena, na hata salamu iliwashinda.

"Lifungue turubai, Kibwana!"

"Nimeshaling'oa, shemeji. Hakuna kitu. Hewa imesimama kama maji ya kisimani."

Hapo Bi Mwamvita akapiga ukelele uliosimamisha cherehani zote. "Wallahi, atakayeniokolea kuku hawa, firigisi ya jogoo wa Salmini ni yake!"

Sihaba alikuwa mlangoni, akasikia. Kibwana alikuwa kwenye simu, akasikia. Naye Kibwana, simu ikiwa bado sikioni, akageukia ukuta, akapaza sauti: "Mtani! Mtani Mihayo! Kuku wanakufa huku! Shemeji kaapa, atakayewaokoa atakula firigisi!" Kwa hiyo na Mihayo akasikia. Wote watatu walisikia kiapo, shikeni hilo.

Sihaba hakuuliza mara mbili. Aliiacha juisi yake mezani, siku ambayo mji mzima ulikuwa na kiu, akamshika shoga yake mkono wakaenda mbio mpaka ghala la barafu. Mwenye ghala alikuwa amekaa mbele ya mapande yake ya mwisho, amekunja nne.

"Hiyo haiuzwi, mama. Ni ya hoteli, wako njiani."

"Una binti, baba?" Sihaba akamuuliza.

"Ninao watatu."

"Mashaallah. Na siku watakapoolewa, utapenda kukaa wapi? Mlangoni kwako, au kule nyuma na wageni waalikwa?" Akamsogeza Bi Mwamvita mbele, na gauni lake jeupe mkononi. "Huyu hapa kesho kutwa atakaa nyuma, kwa ajili ya barafu yako. Wageni wa hoteli wakikosa soda baridi watanuna, kisha watalala. Huyu hatalala mpaka anakufa."

Mwenye ghala akamtazama Bi Mwamvita, akatazama gauni, akakuna kichwa. "Hoteli nitawaambia nini?"

"Waambie imeenda harusini. Wakikasirika, waalike."

Mzee wa watu akacheka mpaka akajishika tumbo, akaita vijana wakapakia. Mapande yakafunikwa maranda na magunia juu ya guta la pikipiki, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, wanawake wawili wakapanda juu yake wakakaa. Siku hiyo Dar es Salaam yote ilikuwa inachemka, na watu wawili tu walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Njia nzima waliulizwa kama kuna nafasi ya mtu wa tatu.

Buguruni foleni ikawa haisogei. Trafiki akawaonyesha mkono: simameni. Sihaba akasimama juu ya barafu, maji yanamchuruzika kwenye gauni. "Afande! Mimi nitasubiri mpaka kesho, umri ninao. Hii niliyoikalia haina subira!" Trafiki akatazama maji yanavyotiririka kwenye lami, akajizuia kucheka akashindwa, akayasimamisha magari ya upande mwingine. Wakapita. Gongo la Mboto wakapita, Sihaba anapigia kelele kila aliyewazibia njia. Kilima cha Pugu wakakipanda polepole, Bi Mwamvita anasoma kila dua aliyofundishwa chuoni, na magunia yanazidi kulegea chini yake.

Walipoikaribia nyumba, wakasikia kishindo. Puu! Kimya. Puu! Vumbi jekundu lilikuwa limepanda juu ya paa. Bi Mwamvita akaruka kabla guta halijasimama, akakimbilia nyuma, akamkuta Fundi Mihayo kifua wazi, nyundo kubwa mikononi, matofali yamelala mpaka miguuni mwa banda.

"Mihayo, umeniua!" akapiga kelele. "Hata siku ya msiba wangu umekuja kunibomolea?"

Mihayo akainua nyundo akapiga mara nyingine, na pande la mwisho likaanguka. Hapo ndipo Bi Mwamvita alipoona kwamba banda lake halikuguswa. Ukuta uliobomolewa ulikuwa wa Mihayo mwenyewe, ule alioujenga kwa hasira na ambao mvua haikuuweza. Upindo wa khanga yake ukapepea. Ilikuwa mara ya kwanza kitu chochote kupepea katika ua ule tangu ukuta uliposimama.

"Kwangu nguo zilikuwa zinacheza kwenye kamba," Mihayo akasema, akitema vumbi. "Kwako jani halitikisiki. Nikaona upepo ninao mimi, nimeufungia."

Lakini upepo wenyewe ulikuwa wa moto, unaunguza macho. Kuku walisogea kidogo tu, wakalala tena. Ndipo Sihaba alipofika na barafu. Mapande wakayatundika kwenye magunia pale kwenye pengo, mengine wakayavunjavunja kwenye vyombo vya maji, na Kibwana, yule yule wa kiuno, akawa anaingia bandani kwa magoti, anatega sikio, anasema, "Huyu bado. Huyu pia bado yupo, mleteni maji. Yule wa pembeni anakwisha, upesi!" Walimfuata alikoelekeza. Upepo ukapita kwenye magunia, ukaingia bandani umepoa.

Wakasubiri. Bi Mwamvita alisimama mlangoni mwa banda, mikono kichwani, hathubutu kuhesabu. Zawena akaja akamshika kiuno kwa nyuma. Hata Sihaba alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana kabla wala baada.

Kuku mmoja akafunga mdomo. Akainuka, akayumba, akaenda kwenye maji. Wa pili akamfuata. Kisha upande mzima ukainuka, zikaanza zile kelele ambazo Kibwana alizichukia maisha yake yote, na Kibwana akakaa kwenye uchafu wa kuku akalia machozi. Na juu ya rundo la matofali ya Mihayo akapanda jogoo wa Salmini, akajikung'uta mavumbi, akawika. Mtaa mzima ukamsikia. Bi Mwamvita akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na majirani waliokuwa wamejifungia kwa joto wakatoka kuuliza kama harusi imesogezwa mbele.

Walikufa wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Waliobaki walitosha na kuzidi.

Siku ya harusi watu walikula. Walikula, jamani, mpaka waliokuja na magari wakafungua vishikizo. Kuku wa kuchoma, kuku wa mchuzi, pilau lenye mapaja juu yake. Bi Shemsa alimaliza sahani ya kwanza, akatazama kushoto na kulia, akaomba ya pili.

"Dada Mwamvita," akasema kwa sauti ya chini, "kuku wazuri namna hii mnawapata wapi?"

"Porini," Bi Mwamvita akajibu.

Bi Shemsa akacheka, cheko la kweli kabisa, akamshika mkono. "Nimekubali, dada yangu. Umenifunga mdomo kwa nyama."

Basi ikafika zamu ya firigisi. Za kuku wa nyama zilijaa beseni, kila mtoto alipewa. Ya jogoo ilikuwa moja, imekaangwa peke yake, kwenye sahani ndogo ya maua aliyokuwa akilia chakula Salmini. Bi Mwamvita akaishika kwa mikono miwili, akatoka nayo ukumbini. Watatu wale walikuwa wameketi bega kwa bega, na kila mmoja akanyoosha mkono.

"Kiapo ni kiapo, shemeji," Kibwana akasema. "Ningelala siku ile kama mnavyonisema ninalala, barafu ingekuja kupoza mizoga, na Mihayo angebomoa ukuta wa nini? Mimi ndiye niliyewaita wote."

"Wewe umeshakuwa walii leo asubuhi," Sihaba akamkata, "na firigisi nayo uitake? Bora ufunge na mkeka wako uondoke nao! Kuku walizibwa na turubai la nani? Mimi niliacha biashara, nikakalia barafu kutoka Kariakoo mpaka Chanika, mpaka leo nina mafua. Upepo wa Mihayo ulikuwa wa moto mpaka nilipofika. Na msiniambie mwanamke hali firigisi, maana aliyeapa mwenyewe ni mwanamke."

"Na aliyemfinya mgongoni aahidi mbele ya wakwe ni nani?" Kibwana akarudisha. "Bila ulimi wako tungekuwa tumekula vya watu, tumenyamaza."

Mihayo alisubiri wakamaliza. "Huyu alitoa sikio," akasema, "na bado analo. Huyu alitoa ulimi, tunausikia. Mimi nilichotoa kiko wapi? Tokeni nje mkatazame."

"Ukuta wenyewe ndio uliotaka kuwaua!" wale wawili wakasema kwa pamoja.

"Kweli," Mihayo akajibu. "Ndiyo maana niliubomoa. Nyinyi mmebomoa nini?" Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, akamgeukia Bi Mwamvita akatabasamu. "Mtani, kwa haki ya utani ningekunyang'anya sahani nikakimbia. Leo nataka unipe mwenyewe."

Nje wakwe wameanza kuimba, wanagonga mlango, wanamtaka mtu wao. Zawena amesimama nyuma ya kizingiti cha baba yake, mtandio umemfunika uso, mkono mmoja ameunyoosha na haujapata wa kuushika.

"Mama," ananong'ona, "nani ananivusha?"

Bi Mwamvita anamtazama shemeji yake, damu ya Salmini, aliyesikia. Anamtazama shoga yake, aliyesema. Anamtazama jirani yake, aliyebomoa. Moyo wake umejaa hauna pa kuweka shukrani zaidi, na firigisi ni moja, na haigawanywi.

Haya, nawe uliyekaa hapo unajipepea, ulidhani umeponea? Pokea sahani. Wakwe wako mlangoni na binti anasubiri. Unampa nani?